Mto Mgumu wa Mzee Sponji

Ukitaka kumuudhi Mzee Sponji, mwambie kiti chake ni kigumu. Mtukane, atacheka. Mwambie upara wake unang'aa, atakuinamishia kichwa ujitazame vizuri. Lakini kiti, thubutu! Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi makochi, na makochi yake yalikuwa na sifa moja tu: ukikaa, umekaa. Wageni waliokuja kutoa pole ya dakika tano waliondoka jua likizama. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi kusinzia kwenye kochi la Mzee Sponji katikati ya kikao alichokiitisha yeye mwenyewe, tena akiwa ndiye anayezungumza.

Karakana yake ilikuwa vyumba viwili vya bati mkabala na uzio wa uwanja mdogo wa ndege. Chumba cha mbele kilikuwa cha mbao na gundi. Cha nyuma kilikuwa cha mkewe, ambaye alishona vitambaa kwa cherehani ya miguu na kusikiliza kila kilichosemwa chumba cha mbele. Shingoni Mzee Sponji alivaa tepu ya kupimia, lakini ilikuwa ya urembo zaidi. Mteja akija alikalishwa kwenye benchi karibu na mlango, akaambiwa, "Legea. Legea kabisa, jione uko kwako." Mteja akilegea, Mzee Sponji alifumba jicho moja, akamtazama kwa lile lililobaki, akasema, "Basi, nimeshakupata." Na kweli alikuwa amempata. Wanaojua wanasema hakuwahi kukosea makalio ya mtu.

Sasa huyu bwana alikuwa na mpwa, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Mtaa mzima ulimwita Kapteni tangu aliporudi kutoka chuo cha urubani na cheti chake ndani ya bahasha ya plastiki. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa utani, maana Kapteni alikuwa mfupi. Sisemi mfupi wa kawaida. Kimo alipewa cha kubania, akafidiwa kwa maneno. Ukimwambia ni mfupi alikujibu, "Mimi si mfupi, ni nyinyi mmezidisha," na hapo mjadala ukafungwa.

Ng'ambo ya uzio kulikuwa na kampuni ndogo yenye ndege moja, kuukuu, ya injini moja, iliyopeleka dawa na vifurushi kule ambako gari halifiki. Kapteni alikuwa amekaa mwaka mzima kwenye kampuni hiyo akipakia maboksi na kujaza fomu, akisubiri. Rubani wao alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa yake kwa sharti moja: Ijumaa mkaguzi angekuja kuruka naye. Akimpitisha, ndege ni yake. Asipompitisha, barua ilikuwa tayari mezani kumwita rubani mwingine kutoka mbali, mwanamume ambaye, kwa mujibu wa picha yake, alikuwa miguu tu kuanzia shingoni.

Jumatatu Kapteni alikalia kiti cha rubani kwa mara ya kwanza ili ajipime, na hapo ndipo kisa kilipoanza.

Kiti kile kiliteleza mbele na nyuma juu ya reli mbili zilizotobolewa matundu. Ukifika pale unapopataka unaachia kishikio, pini inazama kwenye tundu, kiti kinatulia. Kapteni akiwa tundu la pili, miguu ilizifikia pedali lakini haikuweza kuzisukuma hadi mwisho. Vilibaki kama vidole vitatu hivi. Akasogea tundu la kwanza. Miguu ikafika hadi raha, ila usukani nao ukamkaa tumboni, na usukani wa ndege huvutwa kuja tumboni ndipo pua iinuke. Rubani ambaye usukani umefika tumboni kabla hajauvuta, huyo haendi popote.

"Wewe ni mtu wa tundu la kwanza na nusu," alisema Mama Spana, fundi mkuu wa ndege ile, mwanamke mwenye mikono mipana na huruma kiasi. "Na nusu hatuna. Na reli hatutoboi."

"Sasa?"

"Sasa mkaguzi atakwambia usukume pedali mpaka mwisho, kiti kikiwa kimefungwa na mgongo umeegemea. Upepo wa ubavuni ukiipiga ndege wakati wa kutua, ni mguu huo unaoinyoosha. Mguu usipofika, atashuka, ataaga, ataondoka. Unahitaji kitu cha kukusogeza mbele mgongoni. Tafuta fundi."

Fundi? Kapteni alivuka uzio mbio mbio.

Mzee Sponji alisikiliza akijikuna kidevu. Akaguna, akatabasamu, akajipiga kifua. "Yaani mmehangaika siku nzima kwa ajili ya mto wa mgongoni? Kaa hapo, mjomba." Hao walikuwa wakiitana mjomba wote wawili, na ukiwasikia kwa nje hukujua nani amemzaa nani. "Legea. Legea kabisa."

Kapteni akalegea. Mzee Sponji akafumba jicho. "Basi, nimeshakupata."

Jumatano asubuhi mto ukawa tayari. Ulikuwa mzuri, hilo lazima tuseme. Ngozi ya kahawia, mshono wa mkewe ulionyooka, kamba nne za kufungia nyuma ya kiti. Kapteni akapanda, akaegemea, akatoa pumzi ndefu.

"Mjomba, ni raha!"

Mzee Sponji akamtazama Mama Spana kwa dharau kidogo.

"Raha hatukuiomba," alisema Mama Spana. "Sukuma pedali."

Kapteni akasukuma. Pedali ikaenda, ikaenda, na kadiri ilivyokwenda mbele ndivyo mgongo wake ulivyozama nyuma, mpaka mguu ukanyooka wote na pedali ikasimama njiani. Mto ulikuwa umemmeza. Vidole vitatu vilikuwa vilevile.

"Sponji haikutosha," alisema Mzee Sponji. "Naongeza."

Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Aliongeza. Alhamisi asubuhi alirudi na mto mnene uliotembea mbele yake kama mjamzito. Kapteni akapandishwa, akabanwa katikati ya mto na usukani, uso ukiwa karibu na kioo. Akasukuma pedali. Ule mto ukatoa pumzi, fyuuu, na Kapteni akazama taratibu akiwa bado anatabasamu kwa adabu, maana mjomba wake alikuwa anamtazama.

"Fundi," alisema Mama Spana, "mimi nataka arushe ndege. Wewe unamtayarishia usingizi."

"Kwa hiyo mito yangu mibaya?"

"Mizuri mno. Ndiyo shida yenyewe."

Mzee Sponji akanuna. Alijua kununa, alikuwa na kipaji. Alikunja mdomo, akakunja kamba za mto moja moja, akawa hatazami mtu. Kapteni akashuka kwenye bawa, naye uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Potelea mbali! Kesho nitachukua mto wa kitandani kwangu niupachike nyuma. Nitasukuma kwa ncha ya kiatu. Mkaguzi hataona."

Mama Spana alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Akaacha kufuta.

"Njoo hapa, mwanangu. Na wewe fundi, nuna baadaye, sikiliza kwanza. Ndege ikikaza mwendo ili iruke, inamsukuma rubani nyuma. Mgongo ukiwa umeegemea kitu kigumu, anabaki pale pale. Ukiwa umeegemea kitu laini, unazama. Ukizama, miguu inaachia pedali, na mikono inavuta usukani bila kutaka, kwa sababu umeushikilia usianguke. Ndege inainua pua kabla ya wakati wake. Halafu basi. Ukitaka kufa, tafuta njia nyingine, ndege hii naipenda."

Alisema hivyo, akarudi kwenye injini yake. Kapteni akacheka kidogo. Mzee Sponji hakucheka. Alibeba mto wake mnene, akavuka uzio, akaingia karakana asimwamkie mtu.

Huko karakana akakaa. Mbele yake kulikuwa na kipande cha plaiwudi na, kandoni, rundo la sponji nyeupe. Alijua la kufanya. Fundi wa miaka thelathini na minne haambiwi mara mbili. Ubao, kitu kigumu cha kuujazia, ngozi, kwisha. Ila mkono wake ukaenda kwenye sponji. Akaurudisha. Ukaenda tena.

Cherehani ya chumba cha nyuma ikasimama.

"Mume wangu," alisema mkewe kutoka mlangoni, "wewe hutaki mtoto aruke."

"Nani kasema?"

"Mkono wako."

Lo! Mzee Sponji alifoka. Alisema yeye ndiye aliyemsomesha. Alisema yeye ndiye aliyemsindikiza chuoni na sanduku kichwani, gari lilipoharibika. Alisema wanawake wote wamejipanga kumdhalilisha, mmoja kwa spana na mwingine kwa sindano. Alisema mengi, na mkewe akamwachia ayamalize yote, maana alimjua; alikuwa ni wa kumimina tu, chini hakukuwa na kitu kigumu. Na kweli, alipoishiwa maneno akaketi juu ya rundo la sponji, likamzamisha mpaka magoti yakawa juu ya kidevu.

"Naogopa," alisema.

"Najua."

"Dada alinishika mkono. Aliniambia, mwangalie. Nimemwangalia. Homa zake nimeziangalia, madaftari yake nimeyaangalia, hata wale wavulana wa uwanja wa mpira nimewaangalia mpaka wakahama uwanja. Huko juu nitamwangaliaje mimi?"

"Dada yako alikwambia umwangalie. Hakukwambia umkalie."

Mzee Sponji akaanza kunyofoa sponji aliyoikalia.

"Na unasikia anasema nini?" mkewe aliendelea. "Ataruka na mto wa kitandani. Huyo ataruka tu, mume wangu, tumemlea wenyewe tunamjua. Wewe chagua aruke ameegemea nini."

Hilo likamwingia. Pale pale, akiwa amezama kwenye sponji yake mwenyewe, Mzee Sponji aliona kitu ambacho maisha yake yote hakuwahi kukifikiria. Alikuwa amempima Kapteni akiwa amelegea. Amepima wateja wote hivyo, na sawa kabisa, kwa sababu mtu hukaa kwenye kochi baada ya kazi. Lakini Kapteni hakuwa anakwenda kupumzika. Kiti chake kilitakiwa kipimwe akiwa kazini. Alijaribu kusimama kwa haraka, akashindwa, ikabidi mkewe amvute.

"Kamwite!"

Kapteni akaja, bado amevimba mashavu. Mjomba wake alikuwa amesukuma benchi hadi mita moja kutoka ukutani na kuliegemeza mgongo kwenye meza nzito ya kazi. Ukingo wa benchi ulikuwa umechorwa kwa chaki, ukuta nao umechorwa, na tepu, kwa mara ya kwanza tangu mkewe amfahamu, ilikuwa mkononi badala ya shingoni.

"Kaa. Vua hivyo viatu vyako vya kujirefushia, vaa vile vya kurukia."

"Nani kakwambia ni vya kujirefushia?"

"Mjomba, mimi ni fundi. Vaa. Haya, mguu ukutani. Sukuma."

Kapteni akasukuma kidogo.

"Hivyo unasukuma mlango wa jirani. Sukuma! Upepo unakupiga, ndege inakwenda majanini, maboksi ya dawa yako nyuma, sukuma!"

Kapteni akakunja uso, akasukuma mpaka bati la karakana likalia. Mzee Sponji alipitisha mkono nyuma ya mgongo wake, na hapo akashtuka. Alikuwa amemshika mgongo huo mara ngapi, akimbembeleza alale, akimpigapiga akikohoa? Siku zote ulikuwa mgongo wa mtoto. Huu wa leo ulikuwa mgumu, umekaza, una kazi yake. Akapima. Akapima tena, kwa sababu macho yalikuwa yameingia ukungu na namba hazikuonekana.

"Mjomba, unalia?"

"Gundi. Gundi hii inawasha. Sukuma, nani kakwambia uache?"

Alifanya kazi mchana ule wote. Alikata plaiwudi, akailainisha kingo. Juu yake akabandika tabaka za blanketi zito la zamani, akilikandamiza kila tabaka kwa nyundo ya mbao mpaka likawa halina mzaha. Mkewe akashona ngozi, na kamba zikawa sita badala ya nne, zenye vifungo vya chuma. Sponji haikuingia hata ya kufutia vumbi. Kazi ilipokwisha aliuweka mto chini, akapanda juu yake kwa viatu. Haukubonyea. Akamwita mkewe naye apande. Wakasimama pale wawili, wameshikana mabega, wakirukaruka kama waliopungukiwa akili, na Kapteni akasimama mlangoni akiwacheka mpaka akakaa chini.

"Kigumu," alisema mkewe.

"Nimesikia," alisema Mzee Sponji. "Usirudie."

Ijumaa saa nne mkaguzi akaja. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mwenye miwani na ubao wa kubania karatasi, na ilimbidi ainame mara mbili ili aingie katika ndege ile. Aliukagua mto kabla ya kitu kingine chochote. Akaugonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko.

"Nani ametengeneza hiki?"

Mzee Sponji alikuwa amesimama kando ya Mama Spana, ndani ya suti ya harusi ya mtu mwingine. "Mimi, mkuu."

"Ni kigumu sana."

"Ndiyo, mkuu," alisema Mzee Sponji, na kwa kweli ilimchoma moyo.

"Vizuri," alisema mkaguzi, akaandika.

Kapteni akapanda. Kiti tundu la pili, pini ikazama. Mkaguzi akashika kiti, akakitikisa mbele na nyuma, kikakataa. Akamwambia aegemee, asukume kushoto. Pedali ikaenda hadi mwisho, ikagonga chuma. Kulia. Ikagonga chuma. Akamwambia avute usukani wote. Ukaja wote, ukasimama kidole kimoja kabla ya tumbo. Mkaguzi akakaa kiti cha pili, magoti yakiwa yamekunjwa kama panzi, mlango ukafungwa, injini ikawaka.

Sitasema Mzee Sponji alivumilia kiume, kwa sababu hakuvumilia. Ndege ilipokaza mwendo alimshika Mama Spana mkono, na kwa kuwa Mama Spana ana mkono wa kushikika, hakuuachia kwa saa nzima. Ndege ikainuka vizuri, pua taratibu, kwa wakati wake. Ikawa ndogo. Ikapotea. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba hakujua mpwa wake yuko wapi hasa, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

"Mbona hawarudi?"

"Wameondoka dakika nne zilizopita," alisema Mama Spana.

Saa moja baadaye upepo ulikuwa umeamka. Kile kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye nguzo ya uwanjani kilikuwa kimelala ubavu na kinatetemeka. Ndege ikaonekana, na ilikuwa inakuja vibaya. Ilikuja upande upande, pua imeelekea uzio badala ya njia, ikipigwa na upepo.

"Imeharibika!" alisema Mzee Sponji.

"Haijaharibika. Ndivyo inavyotua kwenye upepo. Ngoja."

"Itagonga uzio!"

"Ngoja, nakwambia."

Ikashuka, bado upande upande. Magurudumu yalikuwa yamebakiza kimo cha mtu kugusa chini. Halafu, mara moja, pua ikageuka, ikanyooka na njia. Mzee Sponji aliiona. Hakujua chochote kuhusu ndege, lakini kitu hicho alikielewa kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Ule ulikuwa mguu. Mguu wa kulia, mpaka mwisho, na mgongo nyuma yake umeegemea kitu kisichoachia. Magurudumu yakagusa, yakalia kidogo, yakatulia.

Alilia pale, na safari hii hakusingizia gundi.

Kapteni aliteremka mbio, karatasi ya mkaguzi mkononi ikiwa na sahihi chini, akamrukia mjomba wake mpaka wote wawili wakapepesuka. "Mjomba, mgongo unaniuma!" alipiga kelele akicheka. "Unaniuma kwelikweli!" Mzee Sponji akamkumbatia huku akiuliza ni wapi, ni chini au ni juu, na Mama Spana akawaambia wapishe, wanaziba bawa.

Mkaguzi alikuwa bado ndani. Pengine ule mto ulikuwa umemtia hamu. Alijivuta kutoka kiti chake hadi kile cha rubani, akajipenyeza, na hapo akanasa. Magoti yake yalikwama chini ya dashibodi, usukani ukamzibia kifua, na miwani ikakaa pembe. Akapapasa chini ya kiti, akitafuta kishikio cha kukirudisha nyuma.

Mzee Sponji alimwachia mpwa wake. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni pa ndege, yeye ambaye asubuhi nzima alikuwa akimwita mkuu, akaufungua.

"Shuka, baba," alisema. "Usikisogeze. Hicho kiti kina mwenyewe."